Rangi ya Santuri na Haki ya Wimbo

Wako wasemao kwamba wimbo ni wa sikio, na kwamba mtu anunuaye santuri kwa ajili ya rangi yake hana tofauti na mtu anunuaye kitabu kwa ajili ya jalada. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na wengi wameliridhia pasipo kulipima. Walakini jambo lenyewe limekua mno siku hizi hata haliwezi kuondolewa kwa neno moja la dharau. Nchini Marekani mapato ya santuri za vinili yaliyapita mapato ya sidii mwaka 2020, jambo ambalo halikupata kutokea tangu 1986. Na mwaka 2022 hata idadi ya sahani zilizouzwa ilizidi, milioni 41 kwa milioni 33. Katika santuri hizo nyingi si nyeusi. Ziko za damu ya mzee, ziko za manjano, za samawati, ziko zenye madoadoa, na ziko zipitishazo mwanga kama kioo cha dirisha. Na walioishika sana desturi hiyo si makampuni makubwa peke yake, bali ni bendi zinazojitegemea, zile zitoazo nakala mia tatu au mia tano kwa fedha zao wenyewe.

Mwanafunzi wa fasihi aweza kuuliza haya yamhusu nini. Yamhusu, kwa sababu wimbo wa bendi wa Kiswahili ni utungo, na kwa muda wa nusu karne utungo huo ulimfikia msikilizaji juu ya sahani. Tena swali lina uzito wa pekee likitazamwa kutoka Bulyanhulu, katika nchi ya dhahabu ya Kahama na Geita, ambako nyimbo hazijapata kukauka na ambako hakuna kiwanda kilichopata kuchapa santuri.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja. Watu hudhani kwamba santuri ni nyeusi kwa asili, na kwamba rangi nyingine yoyote ni pambo lililoongezwa. Sivyo. Sahani za zamani, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilifanywa kwa gundi ya wadudu wa India, gundi ile ile ya lakiri, ikachanganywa na unga wa mawe na masizi. Vinili, iliyoshika mahali pake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, karibu haina rangi kabisa. Ni masizi yatiwayo kiwandani yanayoifanya iwe nyeusi, kwa sehemu ili iwe imara, na kwa sehemu ili zisionekane kasoro za mabaki yaliyoyeyushwa upya. Basi weusi nao ni rangi iliyotiwa. Asemaye kwamba santuri nyeusi ndiyo ya kweli na nyekundu ni ya mchezo atetea mazoea tu. Ama juu ya sauti, sahani ya rangi moja ikichapwa kwa uangalifu haiachani sana na nyeusi. Zile zenye picha ndani yake, na zile zing'aazo gizani, ndizo aghalabu zenye mkwaruzo usiofichika.

Rangi iliingia katika santuri zamani, na kwa nia nyingine. Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ya Marekani ilitoa sahani zake ndogo za mizunguko 45, ikazigawa kwa rangi: nyekundu kwa muziki mzito wa Ulaya, samawati iliyokolea kwa muziki mwepesi wa jamii hiyo, kijani kwa nyimbo za watu wa mashamba, manjano kwa watoto, samawati nyepesi kwa nyimbo za mataifa ya nje, nyeusi kwa nyimbo zilizopendwa na wengi, na wekundu wa cheri kwa muziki wa Wamarekani weusi. Msomaji ataona mara moja yaliyofichama humo. Rangi hapo haikuwa uzuri, ilikuwa daftari ya karani; na nyimbo za watu weusi zilipewa rangi yao peke yao, kama wenyewe walivyopewa mabehewa na viti vyao peke yao. Mpango huo haukudumu. Baada ya miaka michache kampuni ikarudi kwenye nyeusi.

Desturi ilipozuka upya mikononi mwa bendi ndogo, nia ilikuwa imegeuka. Mfano utajwao mara nyingi ni wa Mudhoney, vijana wa Seattle, ambao mwaka 1988 walitoa santuri yao ya kwanza kwa lebo ndogo ya Sub Pop, nakala 800 zikiwa za kahawia (rangi ambayo Kiswahili kimeitoa katika kikombe). Kahawia hiyo haikumwambia mnunuzi wimbo ni wa watu gani. Ilimwambia kwamba sahani hii imechapwa kwa hesabu, na hesabu ikiisha imekwisha.

Hapo ndipo mvuto ulipo. Wimbo wa leo hauna mwili: mtu huwa nao simuni pasipo kuununua, na huupoteza pasipo kujua kwamba umepotea. Nakala yake ya milioni ni sawa na ya kwanza. Santuri ya rangi yaurudishia wimbo mwili, na pamoja na mwili yaurudishia hesabu. Mwenye kuinunua apata kitu kiwezacho kuanguka, kukwaruzwa, kuazimwa kisirudishwe, kurithiwa. Apata pia nafasi ya kuitegemeza bendi. Fedha zitokazo kwa nyimbo zisikilizwazo katika intaneti ni kidogo mno kwa wanamuziki wasio na jina kubwa, na sahani mia tatu zikiuzwa mlangoni usiku wa dansi huweza kulipa mafuta ya gari na deni la studio. Mnunuzi wa namna hiyo hafanani na mteja wa duka; afanana zaidi na mtu anunuaye kadi ya mchango wa arusi, ambaye hapimi uzito wa karatasi. Lakini uchache nao huweza kugeuzwa biashara. Wako watoao wimbo mmoja kwa rangi saba ili mpenzi mmoja anunue mara saba, na wako wanunuzi ambao sindano haijapata kugusa sahani zao, kwa maana ikigusa bei itashuka. Hapo santuri imekwisha kuwa hisa ya benki, na maneno yaliyomo yangeweza kuwa ya lugha yoyote.

Je, jicho lina haki gani katika wimbo? Ulaya swali hilo huleta ubishi mrefu. Pwani na Usukumani lilikwisha kujibiwa zamani kwa matendo. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke achaguaye doti dukani hasomi jina kwa kuipuuza rangi, wala hatazami rangi asisome jina; rangi humwita, na akishafika jina humsemesha. Kwa Wasukuma jambo hilo limefanywa kuwa shindano. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, vyama viwili ambavyo asili yake hutajwa kuwa waganga wawili, Ngika na Gumha, pande zote mbili huimba na kucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemwendea. Kwa hiyo wimbo mzuri hautoshi. Wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe juu na kuyadaka, wengine huja na nyoka shingoni, na nyuma ya hayo yote ziko dawa za mvuto ziitwazo samba. Msikilizaji wa Kisukuma hadhani kwamba kuvutwa kwa jicho ni kuusaliti wimbo. Ajua kwamba jicho ndilo humleta mahali ambapo sikio litafanya kazi. Walakini huko ngomani kivutio na wimbo vina mwenyewe mmoja. Manju atungaye maneno ndiye asimamaye mbele ya watu wake, majembe ni ya kikundi chake, na ushindi ukija ni wao.

Historia ya santuri za Kiswahili ni historia ya kutenganishwa kwa viwili hivyo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba ambaye Shaaban Robert aliuandika wasifu wake, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Sauti ilikuwa ya Unguja, mashine ya Waingereza, mji wa India. Na katika karatasi ya katikati ya sahani alikaa mbwa akisikiliza sauti ya bwana wake. Rangi zilizomvutia mnunuzi wa santuri wa Afrika Mashariki zilikuwa aghalabu katika duara ile ya karatasi, na katika jalada lilipokuwapo. Baadaye zikaja sahani za GV zilizoleta nyimbo za Kuba, zikamwingia Salum Abdallah wa Morogoro hata bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Na nyimbo zake zilitolewa Mombasa kwa lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya duka la Assanand. Nairobi ikawa mji wa studio na viwanda. Tanzania haikuwa na kiwanda. Bendi zake zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam juu ya kanda ili zitangazwe, na iliyotaka sahani ilivuka mpaka. Mpango wa kuwa na kiwanda cha santuri chini ya Tanzania Film Company haukufika mwisho, na mwaka 1977 mpaka wenyewe ukafungwa. Simba Wanyika, bendi iliyotoka Tanga, ilikuwa imekwisha kuhamia Kenya. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi wa Januari 1979, mbali na Morogoro iliyomlea.

Kuna jambo moja katika sahani hizo ambalo wanafunzi wa ushairi hawajalitazama kama listahilivyo. Sahani ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kuchukua zaidi ya dakika chache kila upande. Wimbo wa dansi, ambao ukumbini ungekwenda dakika kumi na wacheza dansi wasitosheke, ulikatwa vipande viwili, na karatasi ya katikati ikaandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Kwa kawaida upande wa kwanza ndio wa maneno: malalamiko ya mpenzi, barua kwa mzazi, mawaidha kwa vijana, maombolezo. Upande wa pili magitaa hulichukua neno na wapiga tarumbeta hujibu, na ndipo lipatikanapo chemko. Maneno yakirejea hurejea mafupi, kiitikio tu, au majina ya wapigaji yakitajwa kwa furaha. Kati ya pande hizo mbili msikilizaji alilazimika kuinuka kitini, kuigeuza sahani, kuipangusa vumbi na kuiweka sindano upya. Kitambo kile cha kimya kilikuwa kituo. Hakikuwekwa na mtungaji, kiliwekwa na mashine. Lakini vina na mizani navyo ni mipaka ambayo mtunzi hakujiwekea, na hakuna asemaye kwamba havimo katika shairi. Mtungaji mwenye akili aliweza kuacha lawama bila jibu mwisho wa upande wa kwanza, msikilizaji aipime wakati sahani imo mkononi mwake.

Kaseti ilipokuja kituo hicho kilififia. Siku hizi nakala nyingi zimeunganisha pande mbili kuwa moja, na nyingine, vibaya zaidi, zimebakiza upande wa kwanza tu, hata mwanafunzi hudhani utungo umeishia hapo. Mtu achapaye maneno ya wimbo wa zama zile pasipo kuonyesha mahali sahani ilipogeuzwa amefanya kosa lile lile la mtu achapaye utenzi kama hadithi ya nathari. Hapo yule asemaye wimbo ni wa sikio tu amekwisha kushindwa, maana sahani iliingia ndani ya utungo wenyewe.

Bulyanhulu iko kusini ya Ziwa Nyanza, katika Halmashauri ya Msalala, wilaya ya Kahama. Wachimbaji wadogo walimiminika huko kabla ya kampuni, wakaondolewa mwaka 1996, na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Kwa miaka mingi sehemu ya mazao yake ilisafirishwa nje ikiwa ni mchanga wenye dhahabu na shaba, mchanga ambao taifa zima lilijifunza kuuita makinikia mwaka 2017, Serikali ilipoyazuia makontena. Ugomvi ule haukuwa juu ya dhahabu peke yake. Ulikuwa juu ya nani ajuaye kilichomo ndani ya kontena na nani aandikaye hesabu yake. Si kulazimisha mfano kusema kwamba nyimbo nazo zimesafiri hivyo. Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950, na sauti alizozichukua zilitoka Afrika Kusini zikiwa juu ya santuri za maktaba yake. Yeye astahili shukrani kuliko wengi waliomfuata, kwa sababu alitaka kujua alichokichukua: aliandika kabila, ala na mahali. Lakini sahani zile zilifanywa kwa ajili ya vyuo. Kijiji kilichoimba hakikuwa na gramafoni, na kama kingekuwa nayo hakikuwa katika orodha ya wanunuzi.

Leo katika miji ya wachimbaji, kati ya karasha na vibanda vya chakula, nyimbo za Kisukuma hupita simuni na katika vijikadi vidogo. Yuko kijana mwenye kompyuta barazani ambaye kazi yake ni kuingiza nyimbo kwa malipo madogo. Hakuna jalada, hakuna duara ya karatasi, na jina la faili mara nyingi limekosewa. Basi waimbaji wamefanya nini? Hujitaja wenyewe ndani ya wimbo, jina na kwao, kama watunzi wa tenzi walivyojitaja katika beti za mwisho ili mnakili asiwapoteze. Jina lililofukuzwa katika karatasi limerudi katika utungo. Hili ni jambo la kupendeza, na ni hoja nzito dhidi ya wale waonao nyimbo hizo kuwa kelele za vibandani.

Huku hayo yakiendelea, santuri za Afrika Mashariki zachapwa upya Ulaya. Soundway ya London ilitoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013, nyimbo za miaka ya 1970 na 1980, juu ya sahani tatu, na wengine wamefuata njia hiyo. Kazi hiyo haifai kubezwa. Imeokoa nyimbo ambazo mchwa na unyevu vingezimaliza, na mara nyingine imewafikishia wazee malipo waliyokwisha kuyasahau. Ila kwa mhakiki wa Kiswahili ina upungufu ulio wazi. Majalada ya aina hiyo huja na insha ya Kiingereza juu ya bendi, magitaa na makampuni, na picha za suruali pana za zamani. Maneno ya nyimbo hayamo, au yamo kwa muhtasari wa mstari mmoja usemao kwamba wimbo huu ni wa mapenzi. Mnunuzi wa Berlin au wa Tokyo apewa vinili nzuri, na pengine rangi ya jua linalotua, na huambiwa kila kitu ila alichokuwa akiambiwa na mwimbaji. Hiyo ni kanga isiyo jina. Inafaa kuvaliwa, kusemesha haiwezi.

Yuko mfano wa kati na kati wenye kuleta fikira. Singeli ya Dar es Salaam ilitolewa juu ya santuri mwaka 2017 katika mkusanyo wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na aliyeitoa si mtu wa Ulaya bali ni lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hapa umbali umepungua: waimbaji wako hai, majina yao yako juu ya jalada, na safari za kwenda kupiga muziki Ulaya zimefuata. Lakini hata hapa mnunuzi wa santuri na mchezaji wa singeli wa kigodoro hawakutani. Mmoja husikiliza mwendo wa muziki asiyajue maneno. Mwingine hungoja maneno, mizaha na mafumbo yake, na hana mashine ya kuchezea sahani. Utungo mmoja umepata hadhira mbili zisizosikia kitu kimoja, na kila moja yadhani imeupata wote.

Kwa bendi ya Kahama au Geita ambayo ingetaka santuri yake yenyewe, njia ni nyembamba lakini ipo. Nakala mia tatu zaweza kuagizwa. Gharama ya kuchapa, ya meli na ya ushuru ni kubwa, na mashine za kuchezea mjini zahesabika kwa vidole. Sahani hiyo, iwe ya rangi ya dhahabu au ya udongo mwekundu wa Msalala, ingetundikwa ukutani zaidi kuliko ingechezwa. Hata hivyo kutundikwa ukutani si aibu ikiwa jalada lake limebeba maneno kamili ya Kisukuma na ya Kiswahili, jina la mtungaji, na alama ya mahali pande zinapoachana. Sahani ya namna hiyo ingekuwa kitabu chenye sauti, na rangi yake ingefanya kazi ifanywayo na jembe lirushwalo hewani. Ikikosa hayo, heri kijikadi cha barazani, ambacho walau mwimbaji amejitaja ndani yake.

Maneno yaweza kuandikwa hata pasipo kiwanda. Mwaka 2010 Frank Gunderson alichapa mkusanyo wa nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300, kwa lugha yao pamoja na tafsiri na maelezo. Nyimbo za bendi za dansi za Tabora na Musoma, za Kiko Kids, za Tabora Jazz, za Mara Jazz, bado zangoja mkusanyaji wa namna hiyo, naye atapaswa kuanza na kanda zilizorekodiwa na redio ya taifa, akiziandika moja moja pamoja na kituo chake.